Ile Video Uliyoifuta na Ile Uliyoiweka

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho, Mungu akipenda, kwa hivyo hapa naziruka. Naruka pia mambo ya kufunga mlango, kutotembea na simu mkononi, kusali kwa wakati na kutokula chakula kilicholala. Hayo baba yako ameshakwambia, na shangazi yako akayarudia, na wewe umeitikia "naam, naam" mpaka nikakuonea huruma. Nairobi utaikuta ilivyo na utaizoea kama walivyoizoea wenzako.

Mimi nataka kukuandikia jingine. Naiandika barua hii tangu mwanzo wa wiki, kila unapokwenda Malindi kununua vitu vyako vya safari. Leo ndiyo namaliza, baada ya alasiri, wewe uko kwa rafiki zako unaaga. Naandika kwa mkono wa kushoto, na unajua mkono wangu wa kushoto haukusoma shule. Herufi nyingine zimelala, nyingine zimekaa mkao wa kukimbia. Neno likinipotea naweka kalamu chini, nakwenda kuangalia kuku, narudi. Basi mahali utakapoona mwandiko umebadilika, jua hapo nilikwenda kwa kuku.

Nataka kukushukuru kwa ile video yako ya kwanza. Nasema moja lakini zilikuwa mbili: ile uliyoifuta na ile uliyoiweka. Hatujawahi kukaa tukalizungumza jambo hili. Wakati lilipotokea sikuwa na maneno, na maneno yaliporudi tukashikwa na shughuli. Tena mimi si hodari wa kushukuru. Kukaripia ndiko najua.

Unakumbuka nilivyokuwa. Baraza yetu hapa Mambrui ilijaa watu tangu jua halijachomoza. Wengine walikuja kwa mahamri na mbaazi, na wengine, nadhani, walifuata maneno yangu. Mtu akinunua mahamri mawili namuuliza, mbona mawili, mgeni ameondoka? Akinunua mengi namuuliza, haya, mgeni ni nani? Baba yako akisema, "Mahamri ya huyu mwanamke yamekandwa kwa nazi na mdomo." Na mimi nikajiona. Nilidhani maneno ni yangu kama yalivyo yangu meno.

Halafu ikaja asubuhi ile. Karai liko motoni, wewe uko pembeni unasukuma unga. Nikataka kukwambia upunguze kuni. Likatoka neno "mbuzi."

Ukanitazama. "Mama, unasemaje?"

"Mbuzi," nikasema. Nilisikia kwamba si lenyewe. Nikajaribu tena, likatoka lile lile. Mkono wa kulia ukaachia mwiko, na huo mkono ukawa kama wa mtu mwingine aliyelala karibu yangu. Ulipiga kelele kumwita baba yako, naye akanitia kwenye tuktuk yake tukakimbia Malindi, wewe umenishika kichwa njia nzima. Kiharusi, wakasema.

Hujawahi kuniuliza ilikuwaje kwa ndani. Nakwambia sasa. Akili haikunipotea. Nilijua wewe ni nani, nilijua nyumba ni ya nani na nani bado hajalipa mbaazi zake. Neno lilikuwepo, naliona kama unavyoona kitu chini ya maji. Nikitia mkono kulishika, nimekamata kingine. Na kila nilichokamata kilikuwa mbuzi. Maji ni mbuzi, chai ni mbuzi, baba yako mzima naye ni mbuzi. Ammi yako Twaha alipokuja kunitazama akanisikia, akatoka akawatangazia watu kwamba mgonjwa anaomba achinjiwe sadaka. Na mbuzi akaletwa, kweli. Ukatoka mbio kumzuia. "Ammi, hataki mbuzi, anataka mto wa kuegemea!" Alikuwa ameshachinjwa. Nilicheka siku ile kitandani, na nikagundua kwamba kicheko changu bado kinatoka sawasawa. Watu walikula vizuri. Mimi sikuweza kutafuna.

Wakati huo jina lako lilikuwa limeshatoka chuoni Nairobi, kwa wanaokwenda kusomea video. Hakuna aliyekwambia usiende. Siku ya kwenda ilifika ukawa unanibadilisha shuka, ikapita. Nilimsikia baba yako akikuuliza, nawe ukamjibu, "Chuo hakihami, baba." Kisha ukaenda kuchota maji. Nilikusikia umekaa kisimani muda mrefu kuliko ndoo mbili.

Ulikuwa na chaneli yako, umeifungua, umeipa jina na picha, lakini ndani hamna kitu. Kila siku unatafuta cha kuweka mwanzo. "Hodi ya kwanza lazima isikike vizuri," ulikuwa unamwambia rafiki yako. Ukaenda ukachukua video ya mchanga wetu wa pwani unaomeremeta kama dhahabu, ukaitazama ukasema, "Hii kila mtu anayo." Ukachukua hina ikichorwa mkononi, ukasema hina ni nyingi huko. Ukachukua hata jogoo wetu. Nilikuwa nakutazama kutoka kitandani, sina neno la kukupa, na nilikuwa najua kwamba wewe hutafuti video tu. Ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea.

Ndipo ikaja ile ya kwanza.

Uliiweka simu kwenye rafu bila kuniambia. Ukakaa mbele yangu ukasema, "Mama, niite. Sema jina langu." Nikajaribu. Mwa. Mwa. Mbu. Jina nililokupa mwenyewe. Nikalia, na mate yakanitoka upande mmoja wa mdomo. Ukanifuta kwa leso, na wewe ukalia. Simu ikaona yote.

Baadaye nikamsikia Fahim uani. Fahim wa ammi Twaha alikuwa na chaneli yake ya vichekesho, anajulikana Malindi yote, na ulimwamini kwa mambo hayo. Dirisha lilikuwa wazi. Watu hudhani asiyesema hasikii.

"Hii ndiyo, Mwanaidi," akasema. "Weka hii leo leo. Watu watalia. Kesho hujui pa kuwaweka wafuasi."

"Ni mamangu, Fahim."

"Ndiyo maana watalia."

"Na akikataa?"

"Atakataaje? Si hasemi?"

Ukanyamaza. Sitakuficha, katika kule kunyamaza kwako nilianza kukuchukia. Nilijiambia, sasa nitatazamwa na watu wa Mombasa na wa Nairobi mdomo umekwenda upande, na mtoto wangu ndiye atakayenipeleka huko. Kioo nilikuwa nimeshakiondosha chumbani kwa ishara, nisijione hata mwenyewe.

Ukaingia. Ukakaa sakafuni, ukaniwekea simu mbele ya uso ukanionyesha yote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha ukasema, na maneno haya nimeyashika kama yalivyo: "Mama, nataka kuiweka hii. Naitaka sana, sikufichi. Lakini sitaiweka mpaka ukubali. Ukikataa nitakasirika, lakini sitaiweka."

Nikaanza kutafuta neno. Nikakamata mbuzi, nikamwacha. Nikatafuta tena. Wewe hukunihimiza, hukunitajia, ulikaa tu. Na likaja, zima, safi, kama la mtu asiyeugua.

"Sitaki."

Tulishtuka sote wawili. Ukacheka huku machozi yanakutoka. "Neno zuri namna hiyo, mama, ukaja kulitumia kwangu!" Kisha ukakishika kidole gumba changu cha kushoto ukakiweka juu ya mahali pa kufutia. "Futa wewe," ukaniambia. Nikafuta.

Na hasira uliyoniahidi ukaitimiza. Uliosha vyombo kana kwamba vyombo vimekukosea. Hukunisemesha zaidi ya uji na dawa. Nakushukuru kwa hasira hiyo pia, mwanangu. Tangu niugue, kila mtu alikuwa ananitazama kwa jicho la mazishi. Wewe peke yako ulinikasirikia. Nikajua kwamba bado nipo.

Sasa na mimi niseme yangu, maana kosa langu lilikuwa pale pale na ulilibeba wewe. Nilifunga mlango. Mama Kache wa Ganda, aliyeniletea mchicha miaka yote ile, alirudishwa mlangoni na kikapu chake. Bi Rukia, mteja wangu wa kwanza kila asubuhi, naye akarudishwa. Baba yako akawaambia watu, "Amelala." Nililala mpaka wengine wakaanza kuuliza kama ni usingizi wa kawaida. Sikutaka wanaojua mdomo wangu ulivyokuwa wauone ulivyo. Na yule dada wa mazoezi ya kusema hospitalini alishasema, mtajieni vitu, muulizeni majina, mpeni watu wa kuzungumza naye. Watu sikuwa nao. Nilikuwa na wewe tu. Unashika kikombe, "Mama, hiki nini?" na naona macho yako yananiombea nipatie, na nikikosa naona yanavyozima. Siku moja nikakipiga kile kikombe, kikakugonga mdomo. Ukashika simu yako ukatoka bila kuaga. Nikajua umekwenda kwa Fahim. Nikajua umechoka nami, na nikakupa haki yako.

Ulirudi maghrib, mdomo umevimba. Ukaiegemeza simu kwenye chupa ya chai mbele yangu, ukaibonyeza, ukatoka chumbani ukafunga mlango.

Akatokea Mama Kache ndani ya simu. Yuko gengeni kwake, nyuma yake nyanya zimepangwa mafungu, ameshika mwiko kama anayetaka kupiga mtu. "Hujambo, Mama Mwanaidi," akasema. "Huu ni nini?" Kisha akanyamaza. Akanitazama. Alinyamaza muda mrefu, mtu akapita nyuma yake akamsalimu, hakugeuka. Halafu ndipo akasema polepole, "Huu ni mwiko."

Akafuata muuza nazi, ameinua kifumbu cha kuchujia tui. "Hiki ni nini?" Akangoja. Jasho linamtiririka, anangoja. "Hiki ni kifumbu."

Kisha Bi Rukia, ameketi kibarazani kwake, ameshika kata ya kuchotea maji. "Hii ni nini?" Huyo kunyamaza hakujui tangu kuzaliwa. Akahesabu kidogo moyoni, akashindwa. "Sema basi, mwanangu, mkono unaniuma!" Hukuikata sehemu hiyo. Sauti yako nikaisikia nyuma ya simu unamwambia, "Bi Rukia, mpe nafasi mama ajibu." Akakaza uso, akainua kata tena.

Na mimi, peke yangu chumbani, hakuna jicho la kunihurumia, nikasema, "Kata."

Sijui kama ulikuwa mlangoni. Nafikiri ulikuwepo.

Niliirudia mpaka simu ikaishiwa chaji. Wale watu hawakuchoka nami. Nikikosa, nikiwarudisha mwanzo, wananitazama vile vile, wananingoja vile vile. Ulikuwa umewaingiza ndani watu niliowafungia nje, mmoja mmoja, kila mmoja na chombo chake mkononi. Siku zilizofuata ukaleta wengine: mbuzi ya kukunia nazi, na hapo neno langu likapata kazi yake halali, kinu na mchi, uteo wa kupepetea, chungio. Wiki kwa wiki maneno yakarudi. Hayakurudi yote, na mengine yamerudi yamechakaa. Siku Mama Kache alipobisha tena, nikamwambia baba yako, "Fungua." Aliingia na mchicha. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Mkono wangu nao uliuma, sikupenda kusema."

Sasa nakuja kwenye ile uliyoiweka.

Ilikuwa hospitali, Malindi, kwenye foleni ya mazoezi. Tulikuwa tunatazama simu yetu, nami navitaja vitu kwa sauti ndogo. Benchi la pili alikuwepo Bwana Karisa na mkewe Sidi, wametoka Ganze, viatu vimejaa vumbi. Sidi alikuwa na ugonjwa wangu. Hasemi lolote. Alikuwa anachungulia simu yetu, na midomo yake ikaanza kucheza.

Karisa akaona. "Dada," akakuuliza, "hiyo inapatikana wapi?"

"Haipatikani, kaka. Nilimtengenezea mamangu."

"Basi iweke mahali na sisi tuipate. Mwanangu ana simu ya kufungua hizo."

Jioni yake mlikaa uani, wewe na Fahim na baba yako. Fahim hakuwa na ubaya, alikuwa anakutakia mema kwa namna aliyoijua. "Video ya kwanza," akasema, "watu wameshika miko wamenyamaza? Mtu anatazama kidogo tu anapita zake. Utaizika hiyo chaneli kabla haijatambaa."

Baba yako akasema yeye hayajui hayo. Ukanigeukia. "Mama?"

"Weka," nikasema.

Lakini hukuiweka siku ile. Kesho yake ukazunguka nyumba kwa nyumba, ukamuuliza kila aliyeshika chombo kama yuko radhi atazamwe na watu asiowajua. Nilishangaa, maana hakuna aliyekutuma. Muuza nazi akakubali. Mama Kache akakubali. Bi Rukia akakataa mpaka umchukue upya amevaa buibui lake jipya, na hiyo ikala siku nzima, na safari hii akashindwa kunyamaza zaidi ya mara ya kwanza. Ukaweka ile ya zamani, kwa ruhusa yake, na ile ya buibui ukampa mwenyewe.

Watazamaji wakawa wachache sana. Fahim alikuja akawasoma, na wengi wao walikuwa sisi wenyewe wa Mambrui. Ulisema hujali. Nilikuona usiyejali unavyochungulia simu kila ukipuliza moto.

Halafu Karisa akapiga simu. Tulikuwa jikoni, mikono yako ina unga, ukaniambia nibonyeze mimi sauti ya nje.

"Dada Mwanaidi! Sidi amesema!"

"Alhamdulillahi! Amesema nini?"

"Nilimwaga maji. Ndoo nzima. Na unajua kwetu maji yanavyofuatwa mbali. Akanitazama. Akafungua mdomo. Akaniambia, 'Mjinga wewe.'"

Ukageuka ukanitazama.

"Wazi kabisa!" akapiga kelele yule bwana. "Mjinga wewe! Nimewaita majirani waje wasikie, sasa hataki kurudia!" Na akaanza kulia, mwanamume mzima, analia na kucheka, na nyuma yake nikasikia watoto wanacheka. Ukakaa chini sakafuni, na unga wako, na hukuinuka mpaka mafuta yalipoanza kutoa moshi.

Wafuasi aliokuahidi Fahim hukuwapata. Ulipata mwanamke wa Lamu aliyekuwa anamwonyesha babake, na kijana mmoja aliyeandika kwamba mamake anampenda Bi Rukia kuliko daktari. Na Fahim mwenyewe, hilo nalo nilikumbuke, alikuja akaomba naye ashike chombo. Ukampa chungio. Alishindwa kunyamaza. Ukamrudisha mwanzo mpaka akajifunza.

Juzi, tulipokuwa tunakunja nguo zako, uliniuliza: huko chuoni wakikuambia utengeneze kitu chako cha kwanza, utengeneze nini? Nikakaa kimya, ukadhani neno limenipotea, ukaendelea kukunja. Maneno nilikuwa nayo. Jibu ndilo sikuwa nalo, na leo bado sina. Ninachokijua ni kidogo. Siku ile uliyotoka hapa mdomo umevimba, hukuwa unatafuta cha kwanza. Ulikuwa umenikasirikia na ukanitafutia dawa papo hapo, yote mawili kwa pamoja. Sijui kama hilo linafundishika. Labda wao watakuonyesha namna ya kushika kamera isitikisike. Ile yako inatikisika, hata mimi nimeona.

Mwaka uliouacha kwa ajili yangu sina namna ya kukurudishia. Nimefikiri niombe radhi, kisha nikaona kuomba radhi kwa kupona si adabu. Basi nashukuru. Nashukuru kwa uji, kwa shuka, kwa hasira, kwa kuniuliza nilipokuwa mtu ambaye hakuna haja ya kuulizwa. Ulinipa nafasi ya kukataa, mwanangu. Wapo wazima wa afya ambao hawajawahi kupewa.

Naona kivuli cha jioni kimefika mlangoni, utarudi sasa hivi, nifupishe. Kesho baba yako atapakia begi lako kwenye tuktuk mpaka kituo cha basi Malindi. Nami nakuja. Nimemwambia, na amekubali. Majirani watakuwepo, na wateja wangu wa zamani, na wapita njia. Nitakuombea dua hapo mbele yao, kwa sauti, yote mpaka amina. Nimeifanyia mazoezi wiki nzima, nyinyi mkidhani nasemezana na kuku.

Nikikwama katikati, usinimalizie. Basi litangoja.

Mamako